Dakika Tatu

Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa,
si kilichomaanishwa.
Chumba mia mbili na sita, Bunge la jimbo la Maine,
kamati ya maliasili: viti kumi na vitatu vya ngozi
na taa ndogo mezani.
Kijani, sema. Njano, malizia.
Nyekundu, asante, anayefuata.

Mwaka wa kwanza alikuja na daftari lenye harufu ya tope.
Jina? Odile Thibodeau.
Kazi? Dereva wa basi la shule, mstaafu.
Unaunga mkono au unapinga?
"Ninataka bwawa la Kijito cha Whitten livunjwe,"
akasema, akavaa miwani, akaanza kusoma:

Mei tarehe nane, saa mbili asubuhi, dakika kumi: sufuri.
Mei tisa, mvua: sufuri.
Mei kumi: heringi wanne, chini ya ukuta, wanazunguka.
Mei kumi na moja: wanne. Nadhani ni wale wale.

Mwenyekiti alikohoa.
Wakili wa kampuni ya umeme alichora duara
juu ya duara kwenye karatasi yake.
Alipofika Mei kumi na tisa taa ikawa nyekundu.
Akakunja kona ya ukurasa
kama mtu anayekwenda kuepua sufuria na kurudi.

Mswada ulifia kamatini. Saba kwa sita,
nikaandika saba kwa sita.
Sikuandika kwamba mmoja wa wale saba alisinzia.

Mwaka wa pili, theluji ya Machi ingali viatuni,
alifungua pale pale penye kona.
Hakusalimu.
"Mei ishirini," akasema, "wawili.
Mmoja ana jeraha kichwani."

Wahenga walinena bandu bandu humaliza gogo.
Hawakunena lolote kuhusu zege.

Mwaka wa tatu uliponyoka kamatini,
ukapita mabaraza yote mawili,
ukafika mezani kwa gavana
naye akaukalia mpaka muda ukaisha.
Hilo nililisoma gazetini kama kila mtu.

Mwaka wa nne hakujiandikisha kusema.
Aliketi safu ya nyuma, mkoba magotini,
nami nikasema moyoni: amechoka, na ana haki.
Kisha nikatazama orodha ya mashahidi.
Everett Soucy, fundi bomba.
Lucille Gagnon, muuguzi wa zamu ya usiku.
Amos Pinkham, mvuvi wa kambakoche,
mikono yake haijui ikae wapi.
Kumi na mmoja, na kila mmoja
na ukurasa wake uliochanwa daftarini.

Miaka thelathini aliwashusha mmoja mmoja,
kila mtoto kwenye njia panda ya kwao,
akingoja mpaka mlango wa nyumba ufunguke.
Leo wamepanda wote kituo kimoja.

Juni mbili: sufuri, akasoma fundi.
Juni tatu, akasoma muuguzi, sufuri; ila mwewe-samaki
ameketi juu ya ukuta, naye anasubiri.
Taa ikawaka, ikazima, ikawaka.
Wakili aliacha kuchora.
"Hizi hesabu ni za nani hasa?" akauliza.
Amos akageuka, akaonyesha safu ya nyuma kwa kidevu.
"Za dereva."

Nane kwa tano. Mswada umekwenda mbele,
na mbele kuna ngazi nyingi, kuna gavana,
kuna kalamu ambayo huenda ikakauka tena.
Nimeandika tu: nane kwa tano.

Jumamosi nilichukua gari, sikumwambia mtu.
Maji yalikuwa meusi kama chai ya jana.
Bwawa lipo, nene, lina kutu kwenye vyuma vyake.
Nilitazama saa, nikafungua kijitabu cha ofisi
upande wa nyuma, usio na nembo ya jimbo.

Dakika kumi. Kumi na saba.
Mmoja aliruka, akagonga ukuta,
akarudi majini.
Sikujua nimhesabu mara moja au mara mbili.